Maskini mara kumi na moja

Insha yangu ya kwanza ya kuomba ufadhili wa masomo ilikuwa na neno "maskini" mara kumi na moja. Naijua idadi kwa sababu niliihesabu miaka baadaye, nilipoikuta karatasi ile ndani ya kasha la Bibi, imekunjwa mara nne kama hirizi. Ndani ya insha mlikuwa na baba aliyefariki, mama anayeuza mahamri, paa linalovuja, mitungi mitupu, na mimi katikati nikilia. Yote yalikuwa kweli isipokuwa paa. Nyumba yetu ya Langoni, mtaa wa hapa Amu, au Lamu kama wasemavyo wengine, ni ya mawe na boriti za mikoko, ilisimama kabla ya kuzaliwa babu wa babu yangu, na ikivuja huvuja kwa adabu, pembe moja tu ya ukumbi. Lakini niliona insha ya mwombaji bila paa linalovuja itakuwa kama biriani bila nyama.

Hiyo haikujibiwa kabisa. Ya pili ilijibiwa kwa mistari mitatu ya asante. Ya tatu ndiyo iliyonipeleka Uingereza mwaka mzima kusomea maji, na tangu nirudi Amu sina jioni yangu mwenyewe. Baada ya Alasiri watoto wa watu huja kukaa dakani kwetu, kwenye baraza la mlangoni, na simu zao, kila mmoja ana insha, kila mmoja anataka "niipitie kidogo tu". Ikifika Agosti, maombi ya ng'ambo yakianza kufunguliwa, mama hukanda unga wa ziada akawauzia mahamri. Mimi napata uchovu, yeye anapata faida.

Basi naandika haya ili nikimwona mtu anakunja kona ya mtaa na insha yake mkononi, nimpe hii asome kwanza.

Nani alitufundisha kuandika "maskini" mara kumi na moja? Basari. Mtoto wa Kenya wa rika letu alianza kuomba pesa za masomo akiwa Kidato cha Kwanza, na fomu ya basari, iwe ya kaunti au ya mfuko wa eneo bunge, huuliza jambo moja kwa sura kumi: una shida kiasi gani? Wazazi wako hai wote? Kama hawako, cheti cha kifo kiko wapi? Chifu agonge muhuri, imamu agonge muhuri, mwalimu mkuu agonge muhuri. Ukishajaza fomu hizo miaka minne, mkono unazoea. Unajua ni msiba upi una uzito na ni upi hauna. Mimi nilisomeshwa na fomu zile na sizibezi. Bila hizo ningeishia Kidato cha Pili. Shida ni kwamba tunazibeba hadi kwenye mlango ambao umeandikwa swali jingine.

Chukua Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Insha zake huuliza uongozi wako, namna unavyojenga uhusiano na watu, kwa nini umechagua kozi hizo, na utafanya nini ukirudi. Hamna mahali umeulizwa kama mama yako ana kazi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959, hutazama alama zako, ubora wa mpango wako wa masomo, na faida ambayo nchi yako itaipata. Ipo mipango inayopima uwezo wa mfuko wa mwombaji, kama ule wa Mastercard Foundation, na Jumuiya ya Madola nayo inao mmoja wa wasiomudu gharama, lakini hata huko hali ya nyumbani ina sehemu yake katika fomu. Ukishaieleza pale, imeelezwa. Ukiirudia katika insha umetumia maneno yako yote kumwambia msomaji jambo alilokwisha kulijua, na lile alilotaka kulijua hukulitia.

Basari, hata hivyo, ni nusu tu ya ugonjwa. Nusu ya pili tulifunzwa darasani. Walioufanya mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi Kenya, kuanzia ule wa kwanza wa mwaka 1985 hadi ule wa mwisho wa 2023, wanaijua insha: "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilichomoza matlai na miale yake ikapenya dirishani. Ndege waliimba nyimbo tamu." Hata kama kisa ni cha ajali ya basi, sharti ndege waimbe kwanza. Kisha methali mbili, tashbihi tatu, na mwisho funzo. Tulipewa alama kwa mapambo, na mapambo yale yakatuganda. Nikiambiwa andika kuhusu maisha yako kwa maneno mia tano, mia mbili za kwanza ni za ndege.

Insha yangu ya pili, ile ya mistari mitatu ya asante, ilikuwa ya ndege watupu, ila walikuwa wamevaa Kiingereza. Nilikuwa nimeacha kulia. Sasa napiga hotuba. Ilianza hivi, nikiifasiri: "Maji ni uhai. Bila maji hakuna maisha. Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuleta mabadiliko katika jamii yangu na Afrika kwa jumla." Ikaendelea hivyo hivyo hadi neno la mwisho.

Usiku nilipopata jibu, Bibi alitaka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Hakunifikisha mbali. Akaninyamazisha kwa mkono ule ule anaofukuzia paka jikoni.

"Kwani nani asiyejua maji ni uhai? Wazungu hawanywi maji?"

"Bibi, ndivyo zinavyoandikwa."

"Na lile daftari lako la visima umelitia wapi?"

Sikuwa nimelitia. Halikunijia hata akilini kwamba ni kitu cha kutiwa.

Hapa itanibidi nieleze daftari, na mtanisamehe nikirefusha, kwa maana ndilo lililonisomesha.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji matamu ya Amu yametokana zaidi na vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa, na maji hukaa chini yakielea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Wataalamu wana hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40. Inapendeza kuisikia hivyo. Sasa igeuze: ukivuta kwa pampu hadi ukateremsha ile mita 1 ya juu, chumvi nayo huanza kupanda kutoka chini, polepole, ikizifuata zile 40. Na visima vya ndani ya mji, vya majumbani na vya misikitini, viko karibu na bahari kiasi kwamba havina subira hiyo.

Nilikuwa nimemaliza shahada, sina kazi, nasaidia mama kuuza. Bibi alikuwa akilalamika kwamba kunde haziivi. Unazichemsha tangu asubuhi, Adhuhuri bado zina mfupa. Akasema kisima kimeharibika, na kila mtu akamwambia ni uzee, au ni kunde za mwaka jana. Mimi nikaenda kwa mwalimu aliyenifundisha kemia, nikaazima kwake kidude kama kalamu kinachopima chumvi iliyoyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani lasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 huanza kumkera mnywaji. Kisima chetu kilisoma 1,900. Bibi akasema, "Umeona?" na suala la uzee likafungwa.

Nikapima cha jirani. Halafu cha msikitini. Mwishowe nikawa na visima 23, kila Jumamosi, daftari la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi. Watu walinicheka. Wengine waliniita daktari wa visima.

Miezi mitatu ikapita, namba zinapanda na kushuka bila mpango, leo kisima kina 1,400, Jumamosi ijayo 2,300, ile ya baadaye 1,500. Nikadhani kidude kimekufa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za gati na daftari langu wazi, mzee mmoja mvuvi, rafiki wa marehemu baba, akaniuliza nahesabu nini. Nikamwonyesha. Hajui kusoma herufi za Kirumi lakini namba anazijua. Akazitazama, akatazama bahari.

"Binti, hizi umezipima maji yakijaa au yakitoka?"

"Sikuangalia, Ami."

"Bamvua au maji mafu?"

Nikanyamaza. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu ni yale madogo ya katikati. Nimezaliwa kisiwani, baba yangu alikuwa baharia, na nilikuwa nimepima visima vilivyo hatua chache kutoka baharini miezi mitatu mizima bila kuuliza bahari iko wapi. Zile Jumamosi zote, zaidi ya kumi, hazikuwa na maana. Nikaanza upya, na safari hii daftari lina safu mbili mpya: saa ya maji kujaa, na tarehe ya mwezi mwandamo. Kwa miezi 14 iliyofuata namba zilianza kukaa katika mistari. Kisima cha msikiti mmoja kilisoma 900 baada ya masika na 2,600 mwishoni mwa kaskazi, kabla ya mvua. Majirani kadhaa waliacha kuchota maji ya uji wa watoto katika visima vinne nilivyowaonyesha. Kamati ya msikiti ilihamisha saa za kujaza birika la kutawadhia. Ni hayo tu. Sikuleta mabadiliko Afrika kwa jumla.

Bibi aliliona hilo daftari kila wiki kwa mwaka na zaidi. Kwake lilikuwa jambo kubwa kuliko cheti changu cha shahada kilichotundikwa ukutani. Mimi nililiona ni mchezo, kwa kuwa hakuna aliyenituma wala aliyenilipa, na kwenye fomu ya uongozi nilikuwa nimejaza "katibu wa klabu ya mazingira", cheo ambacho kazi yake ilikuwa kuandika majina ya waliokosa kuja.

Hapa nawaomba wasomaji wangu wavumilie ukali kidogo. Tuna ugonjwa wa vyeo. Ukimwuliza kijana, "Umeongoza nini?", anakutajia kiti. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, naibu wa mweka hazina. Ukimwuliza, "Katika kiti hicho ulifanya nini?", anaangalia chini. Wakati huo huo yule msichana aliyewapanga wenzake kumfunza kusoma mama wa jirani, au kijana aliyewashawishi wenye mashua wawe na makoti ya kuokolea, anaondoka bila kuandika lolote kwa sababu hana kiti. Chevening hudai saa 2,800 za kazi, na huhesabu za kujitolea pamoja na za kulipwa. Jumamosi zangu hazikutosha peke yake, ikabidi nijumlishe na ukarani nilioupata baadaye, lakini zilihesabika. Sikujua kwamba zinahesabika hadi niliposoma masharti yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo katika maombi mawili ya kwanza sikulifanya.

Nilipokaa kuiandika ya tatu, nilikutana na kizuizi ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa mtandaoni, kwani wanaoiandika miongozo hiyo hawakulelewa Amu. Kizuizi ni neno "mimi".

Kwetu mtu hasemi mimi. Ukisifiwa umepika vizuri, unasema chumvi imezidi. Ukijenga nyumba, unasema Mungu amejalia. Anayejitaja ana majivuno, na anayetangaza mipango yake anaitafuta hasada kwa tochi. Tunamjua mtu amesafiri siku tunapoiona nyumba yake imefungwa. Sasa karatasi inaniambia nieleze nilichokifanya, tena kwa mtu nisiyemjua, halafu nitaje mipango yangu ya miaka kumi. Rasimu yangu ikajaa "sisi". Tulipima visima. Tuligundua kosa. Tulizungumza na kamati. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma Mombasa akaniuliza kwa simu: "Sisi ni nani? Wewe na kidude?"

Nilichofanya ni kuiandika kama ushahidi. Mtu akiitwa kwa kadhi kushuhudia, hasemi "tuliona". Anasema niliona, nilikuwa nimesimama hapa, ilikuwa baada ya Isha. Huko hakuna anayemwita mwenye majivuno. Anatakiwa aseme alichokiona, asiongeze wala asipunguze. Basi nikashuhudia. Nilipima. Nilikosea. Ami akanisahihisha. Nilianza upya. Ile "nilikosea" ilinitoa jasho kuliko zote; niliifuta mara mbili nikidhani nitaonekana mjinga mbele ya Wazungu, kisha nikairudisha kwa sababu bila hiyo habari ya mwezi mwandamo haikuwa na mlango wa kuingilia. Katika mahojiano, robo nzima ya muda walikuwa wakiniuliza habari za bamvua na maji mafu. Mmoja wao alichora.

Na nilianza kuiandika kwa Kiswahili. Kwanza nilimsimulia Bibi kwa mdomo, simu ikinirekodi, yeye akinikatiza anapochoka. Bibi akichoka hupiga miayo waziwazi, hana haya. Kila penye mwayo nikakata. Baada ya hapo ndipo nikaigeuza kuwa Kiingereza, Kiingereza changu cha kawaida, kile ninachoweza kukisema mdomoni bila kujikwaa. Nawaambia wanaokuja dakani wafanye hivyo hivyo na wengi hawanitii. Wanataka Kiingereza kikubwa. Wanakwenda kutafuta maneno ambayo hata anayeyasoma itambidi avae miwani.

Sentensi yangu ya kwanza ikawa kuhusu kunde za Bibi kutoiva. Sikutaja uhai.

Kuhusu mipango: usiandike utaibadilisha Afrika. Bara hili lina nchi 54 na hujafika Garissa. Mimi niliandika kwamba nataka nirudi nipime visima vya Amu, Shela na Matondoni kwa miaka mitatu, nitengeneze ramani ya chumvi inayofuata misimu, niikabidhi idara ya maji ya kaunti na kamati za misikiti. Nilitaja kozi mbili za chuo nilichokichagua kwa sababu moja ilifundisha namna ya kutengeneza mfano wa maji ya chini ya ardhi kwa kompyuta, na hilo ndilo lililonishinda nikiwa peke yangu na daftari. Mtu akisoma anaona pengo lilipo na anaona kozi inaliziba vipi. Niliowaona wakikwama ni wale waliosifu chuo: ni cha kale, ni maarufu, kina maktaba kubwa. Chuo kinajua kwamba kina maktaba. Kumbukeni pia kwamba Chevening hutaka urudi nchini kwako ukae angalau miaka miwili, kwa hiyo anayeandika mipango ya kubaki London amejijibia mwenyewe.

Bibi aliuliza mbona sikutia Inshaallah katika hiyo mipango. Nikamwambia maneno yamekwisha, idadi ni maalumu. Akaisema yeye, kwa sauti, huku ameushika ukingo wa karatasi, na tukakubaliana kuwa imeingia.

Kati ya insha ya pili na ya tatu ipo moja ambayo siihesabu, kwa kuwa haikufika. Ufadhili wenyewe sitautaja, kosa lilikuwa langu. Tangazo lilisema maombi yatafungwa "12:00 UTC". Binamu yangu akasoma kwa sauti, "saa kumi na mbili", nami nikaitikia, saa kumi na mbili, yaani jioni, karibu na Magharibi. Tulikwenda saiba, duka la intaneti, saa kumi, tumeshaoga, tumeshakunywa chai, tuna raha zetu. Ukurasa umefungwa. Ile ilikuwa saa sita ya mchana kwa saa za Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu: ilifungwa saa tisa alasiri, wakati mimi nachana nywele. Katika lugha yetu 12:00 ni jua kuchomoza au jua kuzama, na kompyuta za ulimwengu hazijaambiwa. Siku hizi nawafanya waandike saa ya kufungwa kwa saa zetu, kwa kalamu, na tarehe ya kutuma iwe siku tatu kabla, kwani umeme wa Amu una tabia zake.

Barua za mapendekezo, kwa ufupi: msimwendee mheshimiwa asiyewajua. Barua ya mbunge inayosema "ni kijana mwenye nidhamu" haina uzito mbele ya barua ya mwalimu wa kemia inayosema "alikuja kunirudishia kifaa changu baada ya mwaka na miezi mitano kikiwa kizima, pamoja na daftari". Mpe anayekuandikia insha yako aisome, na umpe wiki tatu, si siku moja. Na asiwadanganye mtu kwa ada. Kutuma maombi ya Chevening ni bure, na wakala anayetaka elfu tano "kuharakisha" anaiharakisha elfu tano tu.

Tangu mwaka jana naletewa insha zilizoandikwa na programu za akili bandia. Unazitambua kwa urahisi: zimenyooka kama mlingoti, hazina kosa, na hazina mtu. Msichana mmoja kutoka Faza aliniletea ya kurasa mbili juu ya "uwezeshaji wa jamii za pwani". Nikamwuliza Faza iko katika mstari gani. Akatafuta kwa kidole, akacheka mwenyewe. Wafadhili kadhaa wameandika wazi kwamba insha isiyo kazi ya mwombaji wataikataa, lakini hata wasingeandika, ile ilikuwa imeshajikataa. Ukiitumia ikusahihishie vitenzi, sina neno. Nami nilimtumia rafiki yangu wa Mombasa, na alinidai chakula.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana wa Kizingitini. Anataka kusomea teknolojia ya kuhifadhi samaki. Insha yake ilianza "Tangu utotoni nimekuwa na shauku", na mimi nikapiga mwayo kama Bibi. Nikamwambia aiweke simu kifudifudi anieleze Jumatatu iliyopita alifanya nini. Akaanza kueleza habari za kamba mawe: namna wanavyowaweka hai ndani ya matundu baharini wakimngoja mnunuzi, namna wengine wanavyokufa kabla ya mashua kufika, na namna aliyekufa anavyolipwa bei ya kutupa. Akasema thuluthi hufa. Nikamuuliza nani amehesabu. Akasema kila mtu anajua. Nikamwambia, haya, sasa nenda kahesabu. Hakunipenda siku ile. Akaondoka bila kumaliza hamri lake, maana mashua yao haingoji. Maji yakikauka, pale mlangobahari wa Mkanda hapapitiki.

Juzi usiku akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake injini inaunguruma.

"Dada, nimehesabu siku kumi. Matundu manane. Si thuluthi. Ni mmoja katika saba hivi. Sasa insha si itapungua nguvu? Niache vile vile thuluthi?"

Nikamwambia aandike mmoja katika saba, na aandike kwamba alikuwa akidhani ni thuluthi.

Kimya kidogo. Kisha: "Na hayo matundu manane niyataje?"

"Yataje. Na siku kumi zitaje. Na kama kuna bamvua ndani yake, iandike."

"Bamvua ilikuwa siku ya nne," akasema. "Hiyo ndiyo waliyokufa wengi. Ngoja, Dada. Ngoja kwanza niangalie."